Simu Inayosikilizana na Kompyuta ya Nyumbani

London, 8 Februari 1999

Kwako Aabo,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ni baridi tu inayonichezea. Hooyo anaendeleaje na goti?

Nataka kununua simu yenye kompyuta ndani. Najua huko Garissa mtandao wa simu hizi bado, lakini nikirudi Juni kufungua ile ofisi ya bei za mifugo, nitakuja na anwani zote za wanunuzi mfukoni. Zipo aina mbili. Moja inasikilizana na kompyuta niliyowaachia, nyingine na kompyuta za aina niliyo nayo hapa. Kuwa na zote mbili haiwezekani. Tafadhali funua ile ya kwetu, uangalie nyuma. Kuna tundu lenye vijino; vihesabu uniambie, nihakikishe waya wa simu hiyo utaingia.

Msomee Hooyo barua hii. Mwambie ni Juni.

Mwanao,
Guled

Garissa, 27 Februari 1999

Guled aabo, mwanangu,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti la mama yako linauma akikaa, kwa hiyo hakai.

Vijino ni tisa. Nimevihesabu mara tatu, mama yako akishika tochi na kuniuliza kama vimepungua. Kila Ijumaa naifuta vumbi hiyo kompyuta, naiwasha, inanguruma, naizima. Nimestaafu ualimu nikawa mlinzi wa mashine!

Nunua inayosikilizana na hii. Unafikiria nini tena? Chumba chako kimeshapakwa chokaa, na kuna mbuzi wawili ambao mama yako hataki hata waulizwe bei. Mimi situlii, nazunguka uani kama mtu aliyepoteza kitu. Jibu haraka.

Aabo wako,
Bare

Garissa, 30 Aprili 1999

Guled,

Salaam aleikum. Je, u mgonjwa? Miezi miwili kimya. Karani wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Simu gani hiyo inayochaguliwa kwa muda mrefu kuliko mke?

Natania, lakini nina hofu. Andika hata mstari mmoja.

Aabo wako

London, 19 Mei 1999

Aabo mpendwa,

Asalaam aleikum. Niwie radhi, siumwi. Simu niliinunua tangu Machi. Muuzaji aliniuliza, "Kompyuta yako ya nyumbani ni ya aina gani?" Nikamtajia hii ya hapa, bila hata kufikiri. Nilipofika kituo cha basi ndipo nikakumbuka vile vijino tisa. Ningeweza kurudi nikaibadilishe. Nilisimama pale, mabasi matatu yakapita, sikurudi.

Wamenipa kazi ya kudumu. Juni siji, Aabo, na sijui nitakuja lini. Naona aibu. Nilikaa kimya kwa sababu sikujua nimwambieje Hooyo.

Mwanao,
Guled

Garissa, 5 Juni 1999

Guled aabo,

Wa aleikum salaam. Barua imefika. Nilikasirika, nikatembea mpaka daraja la Tana, nikarudi bado nimekasirika.

Unajua mama yako hajui Kiswahili cha kusoma, mimi ndiye macho yake. Aliketi mbele yangu akasema, "Soma." Nikamsomea salamu. Akauliza umenunua ipi. Nikasema, inayosikilizana na yetu. Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia, kidole kikifuata maneno ambayo hukuyaandika.

Tangu nimwoe mama yako Timiro sijawahi kumdanganya. Njoo hata kwa wiki moja, na simu yoyote uliyo nayo. Usiniache nife mwongo.

Aabo wako,
Bare