Umuite Ndoyi Wako

Kwako mudogo wangu Mama Espoir, pale Mudzi-Pela, Bunia,

Jambo mudogo wangu, jambo tena. Muko? Mulilala? Shemeji Baba Espoir iko namna gani? Barabara ya Mambasa inamuachilia kupitisha mbao zake, ao anaikala tu ku nyumba anakusumbua? Espoir anasoma? Umwambie mama mukubwa anauliza kama bado anafichaka viatu juu asiende kanisa. Na mama yetu muzee, magoti yake? Asikatae kula juu ya kutuwaza. Jirani Mama Jacques mwenye kuuzisha sombe, umupe jambo yangu, umwambie huku Kanada ata majani ya muhogo, sombe yetu, wanaiuzisha imeganda kama jiwe. Siye tuko. Baridi tu njo inatutesa.

Nakuandikia juu kwa telefone mi nalia tu, unite zinaisha, hatujasema kitu. Mwenye kuleta hii barua ni mama moja wa kanisa yetu, anarudia Bunia kuzika baba yake. Umupokee muzuri.

Ni habari ya Feza, ndoyi wako, ule ulimupa jina lako, munaitanaka Ndoyi. Tangu tulitoka mu kambi ya bakimbizi tukafika huku, unajua vile roho yake ilijifunga. Anaamka, anaikala ku kitanda, anaangalia ukuta. Madocta walimupa vidonge, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Siye tuliomba, tulifunga kula. Bure. Siku moja nikamuuliza unaumia wapi, akanijibu: "Mama, siumie. Sitake tu kitu." Mudogo wangu, afazali angelia.

Sasa docta moja mwanamuke akatuita. Akasema bako nafanya recherche, bako nachunguza kama dawa moja inaweza kusaidia batu benye vidonge vimeshindwa. Dawa inaitwa ketamini. Mi nikasimama.

"Ketamini? Ile ya kupasua batu?"

"Mama, unaijua?"

Bunia nani haijue? Njo ile walinipa siku walinipasua nikazaa Feza. Nikamwambia docta: "Mutoto wangu si panya. Hamutamupasua kichwa!" Akanikalisha pole pole. Ni dawa ile ile, akasema, lakini kidogo sana, hawamulalishe kabisa. Wengine wanapata nafuu, wengine hapana, na wengine wanapata halafu inawaponyoka tena. Feza anaweza kuacha siku yoyote. Nikataka kukataa. Feza akasema: "Mama, acha nijaribu." Mutu mwenye hataki kitu, anaomba kitu. Nikakubali.

Ile siku nikaenda kama garde-malade, mwenye kulinda mugonjwa, vile tunajua: termosi ya uji, kitenge, beseni ya kumunawisha. Infirmière, muuguzi wa pale, akaangalia beseni, akaniangalia. "Mama, hapa kila kitu iko."

"Sasa kazi yangu ni gani?"

"Kuikala."

Kuikala tu! Kama mugeni wa arusi. Wakamutia serumu yenye ile dawa ku mukono, wakamufunika macho na kitambaa, na muziki laini mu masikio. Kisha nikaona midomo yake inatembea na mutu haiko. Weye unajua, kwetu mutu wa ketamini hawamuache peke yake, bandugu wanasimama pembeni ya kitanda wanamuita jina mpaka arudie. Nilijikaza, nikashindwa. Nikapandisha sauti: "Feza ee! Feza! Rudia kwetu!" Infirmières wakakimbia kama nyumba inaungua. "Mama, hapa hatuite mutu! Tunamuacha anatembea na amani." Nikaikala na haya yangu, beseni ku magoti.

Tukarudia na bisi. Feza anaangalia inje. Mara akasema:

"Mama, nilisikia mutu ananiita."

"Ilikuwa mimi, nisamehe."

"Hapana. Ilikuwa Ndoyi. Ile siku ya mukono. Alikuwa anasema nini?"

Unakumbuka, mudogo wangu? Ule mwaka alianguka ku muteremko wa Bule, kijiji yetu, na mufuko wa viazi, mukono ukageuka, tukamushusha Bunia. Walimupa ile dawa, wakanyoosha mufupa. Siye wote tunamuita pole pole, mutoto haamuke. Weye ukaingia na matope ya shamba ku miguu, ukainama ku sikio: "Ndoyi! Viazi vinaungua, na ni weye nilikuachia sufuria!" Na yeye, ulimi muzito, akajibu toka mbali: "Si mimi, ni Espoir!" Na Espoir alikuwa bado kutambaa! Salle muzima ya bagonjwa ilicheka, ata ule muzee wa muguu ya plasta.

Nikamuelezea mu bisi. Akacheka. Kidogo, kwa pua tu, lakini nilisikia. Tukaongea Bule mpaka tukapita kituo chetu: ukungu wa asubui, mashu, zile kabichi zetu, zenye maji ku majani, moshi unatoka mu nyasi ya kila nyumba, na vile viazi vidogo tulichomaka mu majivu, tunapuliza, tunaungua vidole. Akasema: "Mama, nataka vile." Sikumwambia tangu vita pale hakuna moto wetu tena. Nilisema tu: ndiyo, mama.

Asubui yake alirudia ku ukuta. Docta anasema tusikimbie, ni kungojea. Sikudanganye kama amepona.

Lakini nilielezea docta desturi yetu ya kuita. Akafikiri, akasema Feza anaweza kusikiliza kitu ya kwao pahali pa ule muziki wao. Feza akasema mbele yangu: "Basi nataka Ndoyi."

Njo maana naandika. Uchukue telefone ya Espoir, usimame pa moto, umuite kama ile siku. Usitumie sauti ya korale ya kanisa. Umufokee! Mama yetu naye apige kelele nyuma, kuku zilie, sauti zote zikamatwe mu telefone. Espoir ajitetee kama anataka, sasa ana mudomo.

Salimia shemeji yangu wa mbao, mutoto wetu wa viatu, jirani wa sombe, na mama yetu umushikie mikono miwili kwa jina langu. Serumu ingine iko karibu, na mi naogopa aende tena mbali na asisikie mutu wa kwao.

Tuma sauti mbio, mudogo wangu. Viazi vinaungua.

Ni mimi yaya wako, dada mukubwa,
Mama Feza