Upande Mmoja wa Kisu

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenoa tangu chai ya asubuhi. Upande mmoja tu. Kisu kimelala bapa juu ya jiwe, maji kidogo, sukuma, rudisha. Mabega yananiuma. Bado hakijanyooka.

Kisu cha kupandikiza miche si kama cha jikoni. Upande mmoja umeteremka hadi kwenye makali, ule mwingine ni bapa kabisa. Huo ubapa ndio unaopitisha makali sawasawa, kijiti cha mti mzuri kinakatika kikiwa kimenyooka. Ukikifunga na shina la mche, hakuna hewa katikati. Vinashikana. Ukinoa pande zote mbili, mkato unatoka na tumbo. Utafunga vizuri, utamwagilia, utaomba Mungu, na mche utakufa tu.

Hivyo ndivyo Wafula alivyonimaliza mwaka jana.

Namchukia. Nimelala na hii chuki mwaka mzima, nimeamka nayo, nimeenda nayo kanisani na kukaa nayo kwenye benchi. Mama mkwe ameniletea uji, akaniona nilivyokunja uso, akaondoka.

Jumanne, 8 Aprili

Jiwe la kukwaruza limemaliza kazi yake. Nimehamia jiwe laini.

Wacha niandike yote. Tulifanya kazi pamoja miaka sita, mimi na Wafula, nasari moja ya miche huko Kitale. Mimi ni wa shoto. Kisu changu kilichongwa na fundi mmoja wa Kipsongo kutoka kwa msumeno mzee, mteremko wake umegeuzwa kinyume na wa wenzangu. Hakuna mwingine anayeweza kukitumia. Mwaka jana kaka yangu alikufa, nikaenda matanga Webuye. Wafula akafika hapa kwangu Kiminini, akachukua kikapu changu, ati anataka utepe wa kufungia miche. Kisu kilikuwa ndani ya kikapu. Kilikaa kwake siku tatu, kisha akakirudisha hapa nyumbani.

Nilirudi jioni. Kesho yake nikapandikiza avokado mia nne za akina mama wa kanisa. Nilihisi kisu kinapanda juujuu. Nikadhani ni mikono yangu, maana nilikuwa nimelia hadi nikakauka. Miche ikanyauka yote. Yote! Ndipo nikakitazama kisu kwenye mwanga. Kimenolewa pande zote mbili.

Nani mwingine? Kazi ya kurudia walimpa yeye. Na alisema mbele ya wale akina mama, mimi nikiwa hapo hapo: "Huo mkono wa kushoto si wa kupanda kitu." Wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita. Napalilia mahindi ya watu. Mimi, fundi!

Alhamisi, 10 Aprili

Kwa nini nimekitoa kisu sasa, baada ya mwaka mzima? Kwa sababu Wafula alinipigia simu Jumamosi.

Ameanguka na pikipiki. Mkono wa kulia umevunjika. Siku hizi ana nasari yake mwenyewe karibu na Kibabii. Mashina mia tatu ya avokado yamefika unene wa penseli, wiki mbili zaidi yatapita kiasi, na wakulima wameshaweka oda. "Mama Neema, sina mwingine. Njoo na vijiti vya Hass kutoka kwa ule mti mzuri wa Kitale."

Ati hana mwingine. Nikamwambia pole sana ndugu yangu, nitakuja. Sauti tamu kama ya mke wa pasta.

Sitaiua miche yake. Kuua ni rahisi, na angepanda mingine. Nitaipandikiza ishike, iote, ipendeze. Watu wabebe, wapande, waweke samadi. Miaka mitatu baadaye izae takataka. Wakulima wote wa Kibabii wasimame mlangoni kwake na matunda mkononi. Mwosha huoshwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kisu kimekubali. Nimekipitisha kwenye ngozi ya mkono, nywele zimeondoka bila kusikia kitu. Upande wa bapa unakaa juu ya kioo bila kucheza.

Mti ulio nyuma ya choo chetu ni avokado ya kienyeji, mbegu kama ngumi, nyama kidogo ya majimaji yenye nyuzi. Hata nguruwe wa jirani hunusa akaondoka. Nimekata vijiti mia tatu na ishirini, nikavua majani yote, nikavifunga kwa gazeti lenye maji. Vikiwa uchi hivyo, huwezi kuvitofautisha na vya Hass, ile avokado nzuri ya sokoni. Labda ukae navyo sana, na mtu mwenye maumivu hakai na kitu sana.

Hasira hasara, wanasema. Waseme.

Jumatatu, 14 Aprili

Kibabii. Nimefanya mia na nne.

Wafula amekonda. Mkono umefungwa na plasta hadi kwenye kiwiko. Aliniwekea kiti kivulini, akaniletea soda, akawa ananiita dada kila dakika. Hakufungua gazeti hata mara moja. Aliniamini, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Unamwaminije mtu uliyemzika?

Kisu kinakata kama kinaimba. Nilikuwa nimesahau. Mungu anisamehe, leo nilikuwa na furaha.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemaliza. Mia tatu kamili. Nimeosha kisu, nimekipaka mafuta, nimerudi Kiminini.

Sasa tungoje.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Pasta amehubiri juu ya kusamehe. Nilitazama dari.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijui niandike nini.

Nimetoka kupalilia saa nane mchana. Mama mkwe ameketi barazani, miguu ameinyoosha, jiwe liko katikati ya mapaja. Mkononi ana kisu changu. Ananoa ule upande wa bapa. Polepole, kwa bidii, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Nilipiga kelele. Akashtuka, kisha akacheka. "Wewe kila mara unasahau upande moja. Hata ule wakati wa matanga nilikumalizia, na hukuniambia hata asante."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikamuuliza matanga gani. Akanitazama kana kwamba nimepigwa na jua. "Matanga ya kaka yako, si Wafula alirudisha kikapu nikaona kisu ina makali nusu? Nilisema huyu mtoto ametoka kulia, wacha nimsaidie."

Maisha yake yote amenoa panga na visu vya jikoni. Kisu kisichonolewa pande mbili kwake ni kazi iliyoachwa njiani. Nitamlaumu vipi? Na mimi, fundi gani anaanza kazi asubuhi bila kutazama makali yake? Ningekigeuza tu. Mara moja tu.

Nilimwambia asante, Mama. Akafurahi sana.

Jumapili, 27 Aprili

Sikuenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma.

Nimekirudisha kisu kwenye jiwe. Angalau hilo naliweza.

Jumanne, 29 Aprili

Wacha nijitetee kidogo, hakuna anayesoma.

Wafula hakugusa kisu. Sawa. Lakini maneno yale aliyasema. Mkono wa kushoto si wa kupanda kitu. Hayo hayakusemwa na mama mkwe. Hayo ni yake, na akina mama walicheka, na mwaka mzima nimeinama kwenye mahindi ya watu. Kwa hayo tu, si anastahili?

Nimejaribu kujibu ndiyo. Nimejaribu nikiwa shambani, nikiwa jikoni, nikiwa kitandani. Maneno mabaya ni maneno mabaya. Lakini miaka mitatu ya mtu kumwagilia takataka? Na wale wakulima je, wao walinikosea nini, hata majina yao siyajui.

Bado nina hasira naye. Haijaisha. Sasa imekosa pa kukaa, inanizunguka mwenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeenda Kitale kwa mwenye ule mti mzuri. Nimeomba vijiti vya Hass, vya kweli. Nimevifunga kwa gazeti.

Naogopa. Akiniambia niondoke, nitaondoka. Akiwaita watu, basi waje.

Jumatano, 7 Mei

Kibabii tangu saa tatu asubuhi.

Kabla sijasema neno, Wafula alinishika begani akanipeleka kwenye miche. Machipukizi yamefunguka. Nilipita mstari kwa mstari nikitafuta hata mmoja uliokauka. Hakuna. Imeshika yote mia tatu. Kwa miaka yangu yote sijawahi kupandikiza vizuri hivi. Wafula alikuwa anacheka peke yake. Akasema mbele ya jirani yake, "Huyu dada ana mkono."

Nikamwambia hapo hapo. Mti wa nyuma ya choo, sababu, mama mkwe, kila kitu. Jirani aliondoka bila kuaga.

Wafula alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akauliza swali moja tu: "Ungeniambia lini?"

Nilifungua gazeti, nikamwonyesha vijiti vya Hass.

Hakunifukuza. Mashina bado ni marefu, na tangu yakatwe hayajanenepa; ukikata chini ya kiungo, pale kijiti na shina viliposhikana, panatosha kurudia mara ya pili. Nikatoa kisu, nikaanza mstari wa kwanza. Kijani kibichi kilianguka kwenye viatu vyangu. Kila kiungo nilichokata kilikuwa kimeungana hadi ndani, huoni hata alama ya mkato. Wafula alikuwa ananisogezea miche, mmoja mmoja, bila kunitazama.

Nimekata mia na kumi. Kesho naendelea.