Injini ya Mjomba Imo Kwenye Karai

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada ila usinicheke, maana pale gereji wananiita Profesa, shule niliiacha darasa la sita na hasara waliipata wao. Fundi wetu mkuu, mzee aliyezeekea kwenye injini, husema "kufungua mashine", nikamwambia mbele ya wateja, mzee, walioenda na wakati wanasema ovahoo, watu wakacheka, naye akafuta mikono tu akanijibu, "Sawa, Profesa. Iite upendavyo, mradi ikirudi iwake." Basi neno likanipanda kichwani, nikamtangazia kila mtu kwamba ovahoo ni mimi, mpaka mjomba aliyenilea akaniletea pikapu yake anayosambazia magodoro, inatoa moshi kama jiko la kuni, akasema hamwamini fundi mwingine. Fundi mkuu yuko likizo, nikaifungua peke yangu, na mshauri ungeniona ungependa, nati zinaruka kama bisi, vyuma vyote nikavimwaga kwenye karai moja la petroli vikatakata. Shida ni kurudisha. Vifuniko vinne vinavyoshika mikono ya pistoni vinafanana kama mapacha, sikuvitia alama, sijui kipi cha mkono upi, na Jumatatu mjomba anapeleka magodoro ya bweni zima, akiikosa kazi hiyo atauza gari. Rafiki yangu anasema nibahatishe, nikaze, ikifia barabarani ni mkosi, na mimi moyo umeshakubali nusu. Fundi mkuu anakaa mtaa wa pili, lakini nimwendee kwa uso upi?
Profesa wa Spana

Profesa, pole, na weka hiyo spana chini. Majigambo yako ni mengi kuliko vyuma vya karai, ila umeandika kabla ya kukaza, na hilo nakupa heko.

Neno lako la ovahoo Waingereza walilitoa kwa mabaharia wao. Lilikuwa ni kuilegeza kamba kwa kuivuta upande wa pili, ipite vizuri kwenye kapi. Baadaye likawa kukagua kitu chote, kipande kwa kipande, na kukitengeneza kiwe tayari kwa kazi. Kwa hiyo wewe hujafanya ovahoo. Umefungua mashine. Mzee alikuwa na jina sahihi la kazi yako, ukamcheka.

Kubahatisha usithubutu. Kifuniko kisicho mahali pake kitaiua injini, na atakayekuwa kwenye usukani ni mjomba, si rafiki yako.

Mpigie mjomba leo, umwambie ukweli, atafute gari la kukodi kwa Jumatatu. Kisha beba karai lako uende mtaa wa pili, Kiingereza kiache nyumbani. Sema hivi tu: "Mzee, nimefungua, sijui kurudisha." Atanuna. Mngoje amalize kununa, maana yeye ana vipimo vya kujua kipi ni cha wapi. Akishavipanga, shika nyundo na ponchi, ugonge alama kwenye kila kifuniko na mkono wake kabla hakijafungwa: moja, mbili, tatu, nne. Kufikia darasa la sita, namba hizo mlikuwa mmeshafundishwa.