Milima Haitazamwi Handakini

Jumanne, 11 Aprili 2023

Nimekasirika kupita kiasi. Majira yote ya baridi nimeinamia ramani zangu — milima ya Vosges na Jura, kisha juu kabisa, njia za mlimani za Julier na Bernina huko Uswisi, tushukie Italia, milima ya Dolomiti, tumalizie Slovenia. Wiki sita. Kila kambi ya kuegesha karavani, kijumba chetu cha magurudumu kinachovutwa na gari, nimeitia alama kwa penseli. Leo natoka sokoni, nawakuta mume wangu Sjoerd na kaka yake Doeke na kahawa yao, biskuti moja moja, na shauri limeshakatwa: Ujerumani yote kwa barabara kuu, kisha handaki, kisha handaki tena. Doeke kanunua kidude cha kuonyesha njia. Kinaongea. Sauti ya kike, eti.

Nikauliza, milima tutaitazama tukiwa tumboni mwake? Doeke akasema siku hizi ndivyo watu wanavyosafiri. Siku hizi! Mtu ana miaka sabini na moja.

Sjoerd alichovya biskuti mpaka ikakatikia kikombeni.

Alhamisi, 13 Aprili

Miaka arobaini na moja ya ndoa. Yeye usukani, mimi ramani. Ndivyo walivyofanya baba na mama, ndivyo inavyofanya kila karavani inayotoka mji wetu wa Joure wakati wa kiangazi na gunia lake la viazi ndani. Sijawahi kulalamika. Hata Ubelgiji, kulikolala tambarare, hajanipa usukani karavani ikiwa nyuma. Haya. Lakini ramani ni yangu! Tumepotea mara moja tu, Grenoble, na kosa lilikuwa lake.

Nimemuuliza tena, kwa nini handaki? Kubana mafuta, eti. Yeye huyu aliyekuwa akisimama kila kona kupiga picha theluji! Hapa kuna jambo.

Jumatatu, 17 Aprili

Simu. Binti wa kliniki ya macho, anamkumbusha mume wangu, Bwana Hoekstra, miadi yake ya Alhamisi. Ya tatu, akasema. Ya tatu! Nikamshukuru kwa adabu zote, nikakata, nikakaa pale pale kwenye ngazi.

Kalenda ya siku za kuzaliwa iko chooni, kama ilivyo desturi ya kwetu, naiona kila asubuhi: 19 Mei, Sjoerd, miaka 75. Akifika hapo, hapati leseni mpya mpaka daktari aridhike. Tarehe niliijua. Macho sikuyajua.

Nilimkabili akimenya viazi. Hakukana. Macho yote mawili yana doa katikati. Pembeni anaona, mbele kuna ukungu. Tangu Novemba. Na Doeke anajua tangu Novemba! Mimi ninayelala naye kitanda kimoja naambiwa na binti wa simu!

Nikamwambia mficha uchi hazai. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia mengi.

Akangoja nimalize, kisu mkononi. Akasema, "Ningekwambia, ungeahirisha. Na doa linakua, Aaltje. Mwakani sitaiona milima tena. Kona siziwezi tena, ndiyo maana ya handaki, lakini pembeni bado naona. Mlima ni mkubwa, hauwezi kufichwa wote na doa."

Nikaondoka jikoni. Nilikuwa bado na hasira, na sikutaka zipoe.

Ijumaa, 21 Aprili

Daktari amekataa. Hakuna leseni.

Doeke kaja na dawa yake tayari. Yeye ataendesha gari letu, Sjoerd atakaa mbele kando yake, na mimi nyuma pamoja na jokofu dogo. Kiti cha nyuma! Kwenye gari langu! Na njia ile ile ya mahandaki, kwa sababu Doeke naye — haya ndiyo nimeyajua leo — anaogopa kona za mlimani. Miezi mitano wamejificha kila mmoja nyuma ya uoga wa mwenzake.

Nikasema ng'o. Nitaendesha mimi, na tutapita juu.

Doeke akacheka. "Shemeji, karavani si baiskeli."

Sjoerd akasema, taratibu kabisa, kwamba sijawahi kuivuta hata siku moja.

"Na wewe huoni, Sjoerd."

Nilisema. Mbele ya kaka yake. Alitazama pembeni ya uso wangu, ndiko anakonionea siku hizi. Sijutii. Najuta. La, sijutii! Nani aliyeninyima usukani miaka arobaini na moja?

Jumatano, 3 Mei

Uwanja wa mkulima wa viazisukari, saa nne asubuhi. Kurudi nyuma na karavani — unakata kushoto, yenyewe inakwenda kulia! Hakuna aliyewahi kuniambia. Mara tatu nimeikunja nusura ivunje taa ya gari. Doeke alisimama kakunja mikono, kama wanavyosimama wanaume wote wa kambini mgeni akiegesha. Akaanza kunishauri. Nikamwambia aende akaongee na kile kidude chake.

Mara ya tisa imeingia. Imenyooka! Sjoerd alikuwa kaegemea ua. Akauliza, "Imeingia?"

Nikajibu imeingia. Kisha nikaingia karavanini nikalia kwa hasira, maana alikuwa hatua kumi tu.

Alhamisi, 11 Mei

Binti yetu Femke kapiga simu kutoka Utrecht. Anasema mama, mpeleke baba kwa treni, Uswisi wana treni nzuri. Najua wana treni nzuri! Nimemkatia simu binti yangu mwenyewe. Tunaondoka 5 Juni na sitaki ushauri wa mtu.

Jumamosi, 13 Mei

Safari ya majaribio. Vilima vya Teutoburg, upande wa Ujerumani, usiku mmoja turudi. Doeke tumemwacha Joure. Nimevuka mpaka mimi, karavani nyuma, malori yakinipita yakipiga honi. Nilitukana kila lori. Sjoerd alicheka, mara ya kwanza tangu Aprili.

Baada ya mji wa Ibbenbüren akaitaka ramani. Akasema mwenye usukani hasomi ramani, ndiyo sheria ya nyumba yetu. Nikampa. Ningemnyimaje? Akaikunjua magotini, akapitisha kidole polepole, akakohoa kama mimi ninavyokohoa kabla ya kutaja njia.

"Kushoto," akasema. "Njia panda ijayo. Kushoto, halafu kilomita nne."

Hapana shaka yoyote kwenye sauti yake. Kambi iko kulia. Kibao ni kikubwa kuliko mlango wa banda, kinasema kulia.

Nimeegesha kando ya barabara. Naandika haya juu ya usukani. Anadhani najaza kilomita na mafuta. Zamani akiwa karibu nilifunga daftari. Sasa liko wazi, bega kwa bega naye, jina lake limo kila ukurasa, na anageuza kichwa huku na huku, anautazama mkono wangu.

Nina hasira ya kuweza kuinua karavani hii kwa mkono mmoja. Sijui nimkasirikie nani.

Anauliza kama nimeelewa. Kushoto, anasema tena. Nyuma kuna lori linapiga honi, nimeshawasha gari, na bado sijaamua: kushoto kwake, au kulia kwa kibao.