Arobaini ya Baba na Tiketi ya Bei Rahisi

Baba Salma,

Hapa Gitega mvua imetukalia tangu asubuhi, nami nimechoka kama niliyekuja kwa miguu. Ile tiketi ya bei rahisi niliikata kwa kuhesabu arobaini ya Baba tangu alipofariki. Kumbe shangazi, aliyekuja toka Muyinga, anahesabu tangu walipomzika, siku mbili baadaye. Hitima itasomwa kesho yake ndege ikishaondoka, na kusogeza tarehe ni karibu bei ya tiketi nyingine.

Nilimweleza. Akaendelea kuchambua mchele. “Mi sijui mambo ya ndege,” akasema. “Mazishi ulikosa. Na hii tena?”

Nimelipa. Mungu awalinde hadi nifike. Salma mbusu, umvalishe sweta mbili. Pesa za koti lake la baridi ndizo zimenunua siku hizi mbili.

Mama Salma