Jina Lako Limepita Kwenye Kioo, Kifutio

Wewe unayesoma, kipindi kile cha televisheni cha Alhamisi umekicheka miaka na miaka. Ulicheka hadi mbavu zikakuuma, majina ya waliokitengeneza yalipoanza kupita ukaenda zako jikoni. Hukuuliza hata mara moja nani aliandika yale maneno. Jina lake lilipoondolewa, ulitazama pembeni. Basi kaa kidogo, usikie tukiongea naye.

Kifutio wetu, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotutoka, ukaiacha chai ikapoa.

Ulianza kwa kubandika matangazo ya michezo ya jukwaani. Siku mwigizaji mmoja alipougua, wakakusukuma mbele ya watu. Ukasahau maneno yote, ukabuni ya kwako, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kiongozi wa kikundi akakuondoa kwenye uigizaji palepale, akakupa kiti na kalamu. Ikawa michezo ya jukwaani, kisha redio, kisha televisheni.

Vichekesho ulitujaribia sisi wa nyumbani kwako kwanza, mezani, uso umekauka. Hukutazama midomo yetu. Uliinama chini ya meza ukatazama miguu, maana ulisema mdomo unaweza kucheka kwa adabu, mguu hauwezi. Mguu usipotikisika, ulifuta mstari. Ndiyo maana tukakuita Kifutio. Shemeji yako alijifunza kutikisa mguu makusudi ili tule upesi. Ukamgundua, ukamhamishia kwenye kochi na sahani yake.

Bosi wa kipindi alitaka uwadhihaki watumishi wa ndani. Ukakataa. Hukuwahi kumcheka mtu asiyeweza kukujibu. Hakukufukuza, alikuhitaji mno. Aliliondoa jina lako tu, akaweka "waandishi wa kituo". Alidai watu wanamfuata mwigizaji, mwandishi hana haja ya kujulikana. Ukamjibu, "Basi mwambie mwigizaji anyamaze dakika moja, bosi, tuone watacheka nini." Hatujasahau ulivyotusimulia jinsi waliokuwamo chumbani walivyoinamia viatu vyao.

Mmoja wao alikuwa Tumbo, mwigizaji wako mkuu. Mwaka huu kituo kilipotaka kuvirudia vipindi vyako, Tumbo aligoma kutia sahihi mkataba. "Haya maneno nilipewa," akawaambia, "sikuyaokota njiani. Mwandikeni mwenyewe." Tukasimama naye mlangoni mwa kituo, jua na mvua, hadi wakakubali.

Alhamisi iliyopita tulikaa sebuleni roho juu. Kipindi kizima hakuna aliyecheka. Kisha jina lako likapita, la kwanza hadi la ukoo. Mkeo akavua miwani. "Haya, baba watoto," akasema, "sasa pumzika, na mimi nilale." Tukashusha pumzi tuliyoibana tangu tukuzike. Ndipo tukaanza kucheka, tumechelewa, tukirudia vichekesho vya mwanzo kabisa.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako mkubwa, shemeji wa kwenye kochi, na Tumbo. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.

Na wewe msomaji, kazi haijaisha. Kuna vikundi vinaigiza mchezo wake wa mwenye nyumba aliyejifungia kwenye kabati la mpangaji, vinatangaza eti ni hadithi ya zamani isiyo na mwandishi. Ina mwandishi, na jina lake sasa linapita kwenye kioo kipindi cha Alhamisi kikiisha. Kama uko kwenye kikundi kimojawapo, au umekata tiketi, nenda leo kabla pazia halijafunguliwa. Chukua kalamu nene, liandike juu kabisa ya tangazo la mlangoni. Usimngoje mwingine.