Nilimsaidia Mume Wangu Kushinda, Sasa Hataki Kucheza

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono maana nimebaki kusali na kulia jikoni. Mume wangu ni fundi wa makufuli, mtu wa utani, lakini kiharusi kilimpata na maneno yakampotea, nashukuru Mungu mkono umerudi ila ulimi bado, basi nikakumbuka lile gemu la zamani la kufundishia watoto, la kuchomeka kwenye televisheni, watoto wetu walijifunzia kusoma humo, nikalipangusa vumbi nikamwekea, linaonyesha picha, tuseme kikombe, na maneno matatu, ukibonyeza lililo sahihi linakupigia makofi, naye analitamka anavyoweza. Mwanzoni alikosa sana, likawa linamwambia "jaribu tena" kwa sauti ya kitoto, nikaona macho yake yanalowa, nikashindwa kuvumilia, nikaficha rimoti ya pili chini ya mtandio, akichelewa nabonyeza mimi. Makofi yakawa hayakatiki. Binti yetu akimtania kwenye simu, "Baba, kumbe bingwa ni wewe, mimi gemu hilo lilinitoa jasho," mzee anacheka. Juzi nilipokwenda ibadani alicheza peke yake. Narudi namkuta na rimoti zote mbili mapajani, akaninyooshea kidole akasema, "Wewe." Akalifunga gemu kwenye shuka, akalisukuma uvunguni. Tangu hapo hajaribu hata kutamka. Naogopa nimemziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, mama, ila nitakugombeza kidogo. Ulibonyeza kwa mapenzi, naye anajua. Lakini aliamini anapona, kumbe ulikuwa unapona wewe kwa niaba yake. Nani asingesusa? Kukosa ndiyo kazi yake kwa sasa, nawe ulimpokonya. Halafu hilo "Wewe" umelipokea kama kofi tu. Hilo hakubonyezewa na mtu.

Usilitoe gemu kimyakimya ukidhani atasahau. Kaa mbele yake umwambie, "Mume wangu, nilikudanganya kwa kuogopa kukuona ukikosa. Nisamehe." Basi, usihubiri. Akikubali, achomeke waya mwenyewe, mcheze kwa zamu, na ukimshinda, mshinde kweli. Binti aambiwe ukweli baba yake akiwapo. Mpeleke pia kliniki kwa mtaalamu wa matamshi. Na mezani, akianza neno likakwama, usilimalizie wewe. Mtazame, ngoja. Chakula kikipoa, kipashe moto, ngoja tena.